Barafu ya Mkunguni Ilivyofika Jibondo

Kituo cha Mkunguni hakinuki tena, na mimi hilo linanisikitisha kuliko nyufa za kuta zake. Nilipoanza kazi, mgeni akishuka bandarini Kilindoni na kuuliza njia ya kituo cha samaki, aliambiwa afuate pua yake. Palikuwa na papa wa chumvi, palikuwa na ng'onda, wale samaki wa kupasua na kukausha, zimeanikwa juu ya chanja, na palikuwa na mapipa ya sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo watu hupaka vyombo vyao visiliwe na wadudu wa baharini. Siku hizi unaweza kupita pale na kanzu yako ya Ijumaa, ukarudi nyumbani, na mkeo asikuulize kitu. Ninyi vijana mnaona ni maendeleo. Haya.

Sabra, aliyeshika nafasi yangu kwenye mtambo wa barafu, ndiye aliyeniomba niandike. Anasema mtambo wenyewe hauna maelekezo, na ni kweli. Ulikuja na kitabu kinene cha lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, mchwa wakakisoma wakakimaliza. Yaliyobaki yako kichwani mwangu, na Sabra anahofia kichwa hiki kitaondoka nayo. Nimemjibu kwamba sina mpango wa kuondoka, ila kuandika nitaandika. Vyeo na mishahara naviacha, kwa kuwa havikuwa vikubwa na vyote vilichelewa.

Nianze na nyumba. Jengo la zamani kabisa, lile lenye kuta nene za mawe na chokaa na dari ya boriti, lilijengwa na Mwarabu mmoja mwenye mashamba ya minazi aliyetaka pa kuwekea mbata, nazi zake kavu. Panya walizipenda mbata kuliko yeye. Akachoka, akaligeuza ghala la papa wa chumvi, ambaye hata panya anamheshimu. Wakati wa Waingereza zikaongezwa reli za chuma zinazoshuka mpaka majini, za kupandishia vyombo vinavyotengenezwa. Baada ya uhuru kikaja chama cha ushirika, na pamoja nacho mizani kubwa na ubao wenye herufi za buluu. Mwisho wakaja wafadhili kutoka nchi moja ya baridi kali, wakajenga banda la mabati na kutufungia mtambo wa barafu. Watu ambao kwao barafu inaanguka bure kutoka mbinguni ndio waliotufundisha kuitengeneza kwa dizeli.

Mimi ni mtoto wa Bweni, kule kaskazini mwa kisiwa chetu kwenye mnara wa taa, na baba yangu alikuwa mkwezi wa minazi. Nilisomea ufundi wa majokofu Dar es Salaam, msichana peke yangu darasani, nikarudi na cheti, sanduku la bati na kiburi cha kutosha. Siku ya kwanza nilifika kituoni mapema, nimevaa gauni nililoshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Fundi mkuu alikuwa chini ya kompresa, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Alikuwa Fundi Nassoro, mjukuu wa yule Mwarabu wa mbata. Ndugu zake walibaki na mashamba na maduka, yeye akapenda grisi.

"Shikamoo, fundi," niliisalimia ile miguu.

"Marahaba. Umeleta chai?"

"Sikuleta. Mimi ndiye fundi mpya."

Miguu ikatulia. Kisha mwili wote ukatoka taratibu, mzee mwembamba mwenye ndevu zilizochafuka mafuta, akanitazama kuanzia viatu hadi mtandio.

"Gauni zuri," akasema. "Lirudishe nyumbani, halafu uje kufanya kazi."

Nilikwenda nikalia kidogo nyuma ya ghala, nikarudi nimevaa suruali ya kaka yangu na kanga juu yake. Fundi Nassoro alinikabidhi spana. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniona na gauni kazini, hata siku ya kuagwa.

Kwa wale ambao hawajauona mtambo, kazi yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Kuna birika kubwa la maji ya chumvi kali, na mabomba yanayapoza mpaka yanakuwa baridi kuliko barafu yenyewe, ila kwa sababu ya chumvi hayagandi. Ndani yake tunazamisha makopo marefu ya bati yaliyojaa maji matamu, na hayo ndiyo yanayoganda, polepole, usiku na mchana. Yakishaiva tunanyanyua kopo kwa winchi, tunalichovya kwenye maji ya kawaida, na jiwe la barafu linateleza lenyewe na kutoka. Barafu nzuri ni angavu, na katikati ina moyo mweupe kidogo. Ukiona imekuwa laini na ya kijivujivu, jua kisima kimeanza kuleta chumvi, umevuta maji kupita uwezo wake. Kisima cha Mkunguni hakitaki tamaa.

Gesi inayopoza ni amonia. Ikivuja kidogo unalia, ikivuja sana unakimbia. Fundi Nassoro alikuwa na vijiti vilivyopakwa salfa. Unawasha kimoja, unakipitisha pole pole kwenye kila ungio la bomba, na pale amonia inapotoroka moshi unageuka mweupe mzito, basi umemkamata mwizi. Kinga yetu ilikuwa taulo lililoloweshwa usoni. Mimi nilitumia kanga, na mara ya kwanza nilitoka nje machozi yananimiminika, mbele ya wachuuzi wote waliokuwa wakisubiri barafu.

"Jifute upesi," fundi akaninong'oneza. "Hawa watadhani nimekupiga, na mke wangu atapata habari kabla sijafika nyumbani."

Alinifundisha pia kukataa, na hilo lilinichukua muda kuliko mabomba. Kila mtu alitaka barafu. Mwenye harusi, mwenye mgonjwa, mwenye hamu tu. Ramadhani ikifika, jioni watu walijipanga mlangoni na mabakuli. Sheria ya Fundi Nassoro ilikuwa kwamba barafu ya samaki ni ya samaki, na vipande vinavyovunjika wakati wa kupakia ni vya watu. Nilishangaa jinsi barafu ilivyokuwa ikivunjika sana mikononi mwake mwezi wa Ramadhani.

Yuko mtu mmoja wa kwetu Bweni aliyekuja kuomba jiwe zima akamwonyeshe mama yake, ambaye alikuwa hajawahi kuiona barafu na alisema watu wanamdanganya. Tulimpa, tukalifunga ndani ya gunia. Barabara ya Bweni mnaijua, na wakati ule ilikuwa mbaya zaidi. Alifika na gunia bichi, na mama yake akapata uhakika kwamba kweli anadanganywa.

Miaka ilikwenda. Ushirika ulikufa kimya kimya, bila hata matanga. Maboti makubwa kutoka Dar yakaanza kuja na barafu yao tumboni, yakinunua samaki huko huko baharini, na foleni mlangoni kwetu ikawa fupi. Fundi Nassoro alistaafu, na baada ya muda akatutoka, Mungu amrehemu, nikabaki na vijiti vyake vya salfa. Reli za vyombo zilifukiwa na mchanga nusu yake. Mti wa mkungu uliota juu ya ukuta wa ghala na mizizi yake ikaingia kwenye chokaa, popo wakahamia darini, na ubao wa ushirika ukabaki na herufi zinazoweza kuhesabika kwa mkono mmoja. Bahari nayo imesogea. Pale tulipokuwa tukianika ng'onda, sasa maji makubwa ya bamvua yanafika. Lakini mtambo ulifanya kazi. Palipohitajika spea tulinyofoa kwenye mashine nyingine iliyokufa, na Sabra alipokuja, msichana wa Kilindoni mwenye mikono miepesi, tulikuwa wawili wa kuulea.

Halafu akaja Bwana Elia. Alikuwa afisa kijana aliyepewa kazi ya kuangalia vituo vya zamani na kuamua kipi kibaki na kipi kifungwe. Mtu wa bara, mpole, mwenye viatu vya kamba ambavyo hakuvivua hata ufukweni. Alizunguka kituo chote, akautazama mkungu juu ya ukuta, akautazama mtambo.

"Mama Saumu," akaniambia kwa heshima, "mtambo huu unakula dizeli, na anayehitaji barafu simwoni. Nikiuzima, utakatwa vyuma chakavu. Nipe sababu ya kutouzima."

Nilihisi kama mtu aliyeambiwa mzazi wake ni mzee sana na chakula anachokula ni cha bure. Niliogopa, na sijui kuficha hofu, kwa hiyo nikawa mkali, nikamwambia avue viatu kabla hajaingia tena kwenye banda langu.

Sababu ilikuja yenyewe, kwa mashua, kutoka Jibondo. Mnajua Jibondo ni kisiwa kikavu, watu wake ni waunda vyombo na wavuvi, na maji ya kunywa yalikuwa yakiletwa kwa chombo kutoka upande wetu. Wanawake wa kule huchokoa pweza kwenye miamba maji yakipwa. Kiongozi wao alikuwa Bi Mwanakombo, mama mfupi, mwenye sauti inayovuka mkondo bila msaada wa upepo. Yeye ndiye aliyewashawishi wanakijiji wafunge mwamba mmoja mkubwa, mtu yeyote asiguse pweza kwa miezi kadhaa, ili wakue. Sasa siku ya kuufungua ilikuwa inakaribia. Mnunuzi alikuwa tayari, ila alitaka pweza aliyewekwa kwenye barafu tangu anapotoka majini. Pweza aliyepigwa jua, yeye hamtaki.

"Nimewazuia watu riziki yao kwa neno langu," Bi Mwanakombo alituambia, amekaa kwenye ngazi ya ghala. "Nipeni barafu, na mimi nitawapa huyo mhitaji mnayemtafuta."

Bwana Elia alifurahi. Akasema huo ndio mtihani. Barafu ikiwasaidia watu wa Jibondo, mtambo utabaki. Ikishindikana, utazimwa. Alipanga kila kitu vizuri: barafu ipelekwe siku moja kabla, ihifadhiwe kwenye madeli, yale makasha yasiyopitisha joto, na kufukiwa kwa maranda, ambayo Jibondo hayakosi kwa sababu ya kuunda vyombo, na asubuhi ya kufungua mwamba sisi tufike na mnunuzi. Tulijaza makopo yote. Nilikuwa sijaona mtambo ukifanya kazi kwa furaha namna ile tangu enzi za foleni. Barafu ilitoka angavu, na mashua ikaondoka nayo imezama mpaka karibu na ukingo.

Asubuhi ya pili tulivuka. Wanawake walikuwa wameshaingia mwambani, na wazee walitupokea ufukweni. Mtu akaleta sinia na kikombe, akampa kwanza Bwana Elia kwa kuwa ndiye mgeni mkubwa. Alikunywa yote kwa mkupuo mmoja.

"Aa!" akasema, anajifuta mdomo. "Maji baridi haya! Kumbe mna friji huku?"

Mzee mmoja akatazama miguu yake, watoto wakaanza kucheka na kufinyana. Mimi nikageuza macho hadi kwenye banda la waunda vyombo. Madeli yalikuwa wazi, yamepinduliwa yakauke. Sabra alinibana mkono.

Bi Mwanakombo aliitwa mwambani, akaja mbio, nguo zimelowa mpaka kiunoni, chuma cha kuchokolea pweza bado kiko mkononi. Hakujificha wala hakuzunguka.

"Chombo cha maji kimeharibika mashine," alisema, "wiki hii hakijaja, na mitungi imekauka. Jana barafu imefika, kuna mama mzee ana homa, kaomba kipande. Nikampa. Mkwewe kaona, kaja na kikombe. Ikawa watoto, ikawa wenye wazazi wao, ikawa msikitini. Bwana, hapa kwetu mtu akikuomba maji humnyimi, hata awe mliyegombana naye jana. Nilikaa juu ya deli, wallahi, nilikalia kabisa. Mwenzangu kaja na mtoto mgongoni, midomo imekauka. Nimwambie nini? Nimwambie haya ni ya pweza?"

"Lakini ile ilikuwa barafu, mama!" Bwana Elia alisema. "Si maji!"

"Mwanangu," Bi Mwanakombo akamjibu, "hebu kiulize kikombe chako."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa muda nilifanya vyote viwili. Halafu wanawake wakaanza kurudi na pweza. Sijawahi kuona pweza wakubwa namna ile. Walikuja nao mabegani, minyiri inagusa mchanga, wakiimba, wakidhani barafu ipo, kwa sababu waliokuwa mwambani tangu alfajiri hawakujua kwamba hata mabaki ya mwisho yalikuwa yameshanyweka. Jua lilipanda. Mnunuzi alimbonyeza pweza mmoja, akambonyeza mwingine, akamwomba radhi Bi Mwanakombo, akageuza boti yake. Pweza walianikwa kwenye kamba, wakauzwa wakavu kama miaka yote, kana kwamba mwamba haukufungwa. Wanaume waliokubali kuufunga kwa neno la Bi Mwanakombo hawakumtukana. Walimtazama tu, na yeye alibaki amesimama pale pale akijifanya anakunja kanga.

Wakati wa kurudi Bwana Elia alikaa tezi, nyuma ya chombo, akitazama maji.

"Nitauzima mwisho wa mwezi," akasema. "Samahani, mama."

"Ulipokunywa yale maji," nikamwuliza, "yalikuwaje?"

"Matamu."

"Yalikuwa baridi?"

"Baridi sana."

"Basi mtambo haukukosea. Tumepeleka barafu kwa watu wenye kiu, tukategemea pweza ndiye atakayehudumiwa kwanza. Hilo tumelikosea wote, mimi, wewe na nahodha huyu hapa. Mtambo unauzimia nini?"

Nahodha akakohoa. Sabra akasema kwa sauti ndogo kwamba mwamba ukifungwa tena, utafunguliwa tena. Bwana Elia alijitahidi asicheke, akashindwa, na kabla hatujafika Mkunguni alikuwa ametupa muda mpaka ufunguzi ujao. Alisema wazi kwamba ndio wa mwisho.

Bi Mwanakombo alikuwa na kazi ngumu kuliko yangu, maana mimi nilimwomba mtu mmoja, yeye alikiomba kijiji kizima kiufunge mwamba tena. Alikuja kunieleza baadaye. Walikuwa wamekubali shingo upande.

"Safari hii ikiharibika, Saumu," akaniambia, "mwamba huo hautafungwa tena maisha yangu yote. Na mimi n'tahamia kwako, maana Jibondo sitakuwa na uso."

"Nyumba yangu ina chumba kimoja, dada."

"Basi itengeneze hiyo barafu vizuri."

Suluhisho tulilijua sote: kabla ya barafu yapelekwe maji, mitungi ya Jibondo ijae kwanza, ili barafu isiwe na kazi nyingine. Ugumu ulikuwa kisima. Nimeshasema hakitaki tamaa. Maji ya kujaza mapipa ya Jibondo na maji ya kujaza makopo yote ya barafu hayakuwemo kwa mara moja, na ukilazimisha kinaleta chumvi. Bwana Elia alitembea huku na huko mbele ya birika, safari hii akiwa peku.

"Ukipeleka maji, barafu itakuwa haba," alisema. "Pweza wakiwa wengi kama mara ile, haitatosha."

"Nikipeleka barafu bila maji, haitafika kwa pweza hata kipande."

"Na kama yote mawili yakipungua?"

"Basi utanizimia mtambo, na mimi nitakushikia tochi."

Nilisema hivyo kwa kujikaza. Ufunguzi ulipokaribia tulivuta maji kwa ajili ya mapipa kwanza. Chombo kilivuka, kikarudi, kikavuka tena. Kisha tukakiacha kisima kipumzike, tukavuta kidogo kidogo kwa ajili ya makopo, Sabra akiyaonja kwa ncha ya ulimi kila mara. Yaliyojaa yalikuwa kama nusu. Mengine tuliyaacha matupu yamening'inia, na kwangu ilikuwa kama kuona meno yaliyong'oka. Lakini barafu ilitoka angavu na moyo wake mweupe, na tuliifunga magunia kwa mikono yetu wenyewe.

Asubuhi ya ufunguzi tulifika Jibondo, na kabla sijakanyaga mchanga nilitafuta madeli kwa macho. Yalikuwa yamefunikwa. Juu ya moja alikuwa amekaa Bi Mwanakombo, na chuma chake cha pweza amekilaza mapajani. Alikuwa amewaachia wenzake mwamba ili akae pale.

"Shikamoo, mama," Bwana Elia alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ukitaka maji, mapipa yale pale. Hapa hapafunguliwi."

Sinia likaja, na kikombe. Bwana Elia alionja kwa hadhari, kisha akatabasamu. Yalikuwa maji ya vuguvugu ya kisima cha Mkunguni. Sijawahi kuona mtu akifurahia maji ya vuguvugu kiasi kile.

Wanawake walipotoka mwambani tulivunja barafu kwa mtarimbo na kuanza kupanga: tabaka la barafu, tabaka la pweza, tabaka la barafu. Sabra alipanga upande mmoja, mimi upande wa pili. Pweza walikuwa wengi. Nilianza kuyapima madeli yaliyobaki kwa jicho, na kila nikitazama niliona hayatoshi. Nikapunguza unene wa matabaka. Nikaupunguza tena. Mnunuzi alikuwa amesimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua. Deli la mwisho lilipofungwa, walibaki pweza wachache, wanaotosha kitoweo, na Bi Mwanakombo akawagawia wazee palepale kana kwamba ndivyo ilivyopangwa tangu mwanzo.

Mnunuzi akafungua deli la kwanza tulilolipanga, akazamisha mkono mpaka kiwiko. Bwana Elia naye akazamisha wake. Walibaki vile, wamepiga magoti mchangani, na kijiji kizima kinatazama migongo yao.

"Barafu bado ipo," mnunuzi akasema. "Nachukua wote."

Vigelegele vilivyopigwa siwezi kuviandika. Bi Mwanakombo alikaa chini juu ya mchanga, akajifunika uso kwa kanga na kulia kwa sauti, na mimi nikakaa kando yake nikalia naye. Bwana Elia alikuja akachuchumaa mbele yetu, mkono wake mmoja mwekundu kwa baridi.

"Mama Saumu," akasema, "sitauzima. Utakapokufa, ufe wenyewe."

"Mimi au mtambo?"

"Mtambo, mama! Mtambo!"

Mwamba umefungwa na kufunguliwa mara nyingine tangu hapo, na barafu ya Mkunguni huenda kila mara, ikitanguliwa na mapipa ya maji. Mtambo ukabaki, nikaondoka mimi. Nilikuwa nimepigana sana usistaafishwe hata nikasahau kwamba umri wangu mwenyewe umefika. Nilikabidhi funguo, vijiti vya salfa na ile spana ya kwanza. Walinifanyia sherehe ndogo pale ghalani chini ya popo, na popo nao walichangia kwa namna yao.

Nikiwaambia hali ya kituo leo, ni hii. Ukuta wa magharibi umepasuka, na mkungu ndio unaoushikilia, kwa hiyo msiukate mpaka mjenge ukuta mwingine. Mabati ya banda yametoboka upande wa kusini. Winchi inakwama ikipakiwa vibaya, ipakieni vizuri. Kompresa ni nzima. Mengine mtayajua kwa kuyafanya.

Siku za mwanzo za kustaafu nilikaa nyumbani nisijue mikono niiweke wapi. Nilipanda mihogo, nikaipalilia mpaka ikachoka. Wiki iliyopita asubuhi simu ikalia, na alikuwa Sabra.

"Shikamoo, bibi. Sikiliza," akasema, na nikasikia anaisogeza simu karibu na kompresa.

Nikasikiliza. Mkanda ulikuwa unazunguka sawa, pistoni zinapiga kwa mpangilio, hakuna kugonga, hakuna kukoroma. Nikasikiliza tena nikitafuta ugonjwa.

"Mbona haina tatizo?" nikamwuliza.

"Najua haina tatizo. Tunagandisha ya Jibondo. Nimeona labda utapenda kuisikia."

Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango, machozi yakanitoka bila amonia. Sabra akauliza kama bado nipo. Nikamwambia nipo, asikate kwanza.